Mwongozo kamili: kuunganisha sofwea ya utafutaji mafuta na gesi na databesi za Oracle, SQL Server na PostGIS

Wadau, mada hii naiandika kwa ajili ya vijana walioko ofisi za jiolojia na wale wa IT ambao siku moja bosi anawaambia tu "tuunganishieni hii sofwea na databesi" halafu anaondoka. Wengi wanafungua sofwea moja kwa moja, wanajaza kile kidirisha cha koneksheni, inagoma, wanabadilisha hiki wanabadilisha kile mpaka jioni, mwisho wanasema sofwea mbovu. Mara nyingi sofwea haina kosa lolote. Msimamo wangu kwenye hii kazi ni mmoja: usiiguse sofwea mpaka mashine yako imeongea na databesi bila hiyo sofwea. Kila ngazi, kuanzia mtandao mpaka akaunti, ina namna yake ya kukujibu ndiyo au hapana, na ukiziuliza kwa mpangilio tatizo linajitaja lenyewe.

Nitakaa sana kwenye Oracle kwa sababu ndiko watu wanakoteseka zaidi, halafu SQL Server, na PostGIS (databesi ya PostgreSQL iliyoongezewa uwezo wa ramani) kwa wale wanaochora ramani za vitalu na visima kwa QGIS, sofwea huria ya ramani.

Kwanza jua nini kiko kwenye databesi na nini hakimo

Data za saizimiki zenyewe (picha za miamba ya chini zinazopatikana kwa mawimbi ya mtetemo), zile kyubu za 3D zinazokula mamia ya gigabaiti, kwa kawaida hazikai ndani ya databesi. Zinakaa kama mafaili kwenye seva ya mafaili, iwe SEG-Y, muundo wa kawaida wa mafaili ya saizimiki, au muundo wa sofwea husika. Ndani ya databesi kuna majina ya visima na mahali vilipo, njia ya kisima kinavyopinda kwenda chini, vilele vya matabaka (kina ambapo kila tabaka la mwamba linaanzia), logi (vipimo vya miamba vilivyochukuliwa ndani ya kisima), tafsiri za wajiolojia, orodha ya mistari ya saizimiki, na maelezo kwamba faili fulani liko folda fulani. OpenWorks ya Landmark, sofwea ya kutunza data za utafutaji, imejengwa juu ya Oracle kwa mtindo huo, na Kingdom, sofwea ya kutafsiri saizimiki, nayo inaweka taarifa za projekti kwenye SQL Server au Oracle huku mafaili ya saizimiki yakikaa kwenye folda.

Maana yake unaunganisha njia mbili, siyo moja. Mtu akikuambia "visima naviona ila saizimiki haifunguki", databesi iko salama kabisa, nenda kaangalie njia ya mafaili. Na hapo sababu inayojirudia ni kwamba aliyetengeneza projekti alitumia herufi ya diski, tuseme `S:\`, wakati mashine ya mwenzake diski hiyohiyo inaitwa `T:` au haipo kabisa. Tumia njia kamili ya mtandao kama `\\geofaili\saizimiki\` kila mahali. Herufi ya diski ni ya mtumiaji aliyeingia tu, huduma inayoendeshwa nyuma ya pazia na Windows haiioni hata kama wewe unaiona mbele ya macho yako.

Kabla hujakaa kwenye kiti, mwombe anayetunza seva akuandikie vitu hivi kwa maandishi, siyo kwa simu: jina la seva, poti, jina la huduma ya databesi, toleo la databesi, jina la akaunti utakayotumia, na kama koneksheni inatakiwa iwe na usimbaji (encryption). Jina la seva nasema, siyo namba ya IP. Siku seva ikihamishwa, jina linarekebishwa sehemu moja kwenye DNS, ile orodha ya mtandao inayogeuza majina kuwa IP, na mashine zote zinafuata. Ukiwa umeandika IP utazunguka mashine moja moja ofisi nzima.

Hatua ya 1: mtandao unapita au haupiti

Watu wanapenda sana ping. Ping ikijibu inakuambia seva iko hewani tu, haisemi chochote kuhusu poti ya databesi, na kuna ofisi ping imezuiwa makusudi wakati poti iko wazi. Kwa hiyo iache, pima poti yenyewe. Kwenye Windows fungua PowerShell:

```
Test-NetConnection geodb01 -Port 1521
```

Unachotafuta ni mstari wa `TcpTestSucceeded : True`. Kwenye Linux:

```
nc -zv geodb01 1521
```

1521 ni poti ya kawaida ya Oracle, SQL Server ni 1433 na PostgreSQL ni 5432, ila mwenye seva anaweza akawa amebadilisha, ndiyo maana uliomba kwa maandishi. Ikija False simama hapohapo. Usiinstoli kitu, usifungue sofwea. Hapo ni faiawoli, au jina la seva halitafsiriki, au huduma imezimwa. Mpelekee mtu wa mtandao matokeo ya hiyo komandi pamoja na jina la mashine yako na saa uliyojaribu. Ukimpelekea hivyo anafanya kazi mara moja, ukimwambia "databesi haifunguki" atakuuliza maswali mpaka kesho.

Hatua ya 2: kliyenti ya Oracle

Kliyenti ni programu inayokaa kwenye mashine yako na kuongea na databesi kwa niaba ya sofwea. Sofwea ya biti 64 inataka kliyenti ya biti 64, ya biti 32 inataka ya biti 32. Mashine inaweza kuwa na zote mbili, na hapo ndipo fujo inapoanzia kwa sababu kila moja ina folda yake ya `network\admin` na faili lake la `tnsnames.ora`, lile linaloorodhesha databesi na anwani zake. Unarekebisha moja, sofwea inasoma lingine.

Dawa yake ni kigeu cha mazingira (environment variable) kinachoitwa `TNS_ADMIN`. Tengeneza folda moja, mfano `C:\oracle\tns`, weka mafaili yako humo, halafu kwenye vigeu vya mazingira vya mfumo mzima, siyo vya mtumiaji mmoja, andika `TNS_ADMIN` yenye thamani ya hiyo folda. Baada ya hapo kliyenti zote zinasoma sehemu moja. Funga sofwea na madirisha yote ya komandi ufungue upya, kwa sababu programu iliyokuwa imeshafunguka haioni kigeu kipya. Kama ofisi ina mashine nyingi, `TNS_ADMIN` inaweza kuelekezwa kwenye folda ya mtandao ili faili litunzwe sehemu moja tu, lakini basi hiyo folda iwe ya kusoma tu kwa watu wote isipokuwa mmoja au wawili.

Kuna jambo la kliyenti za zamani ambalo bado linawauma watu wenye sofwea za kale: zilikuwa zinashindwa kuunganisha kama programu imewekwa kwenye njia yenye mabano, na folda ya Windows ya programu za biti 32 inaitwa `Program Files (x86)`, ina mabano kabisa. Kama unalea sofwea ya zamani na umeshakagua kila kitu, iweke kwenye folda isiyo na mabano wala nafasi, kama `C:\geo\`.

Hatua ya 3: faili la tnsnames.ora

Hili faili linaonekana dogo ila linataka nidhamu. Mfano:

```
GEODATA =
  (DESCRIPTION =
    (ADDRESS = (PROTOCOL = TCP)(HOST = geodb01)(PORT = 1521))
    (CONNECT_DATA =
      (SERVICE_NAME = geodata)
    )
  )
```

Jina la mkato, hapa ni GEODATA, lianzie mwanzo kabisa wa mstari. Mistari inayofuata isogezwe ndani kwa nafasi, ukiianzisha kwenye ukingo Oracle inaweza kudhani ni jina jipya. Mabano yahesabiane, ya kufungua na ya kufunga yawe sawa, kwa sababu mabano moja ikikosekana juu inaweza kuharibu majina yaliyo chini yake ambayo hukuyagusa kabisa, na watu wa projekti nyingine wanaanza kukupigia simu. Kabla ya kurekebisha kopi faili uliweke pembeni na tarehe kwenye jina.

Na Notepad ina tabia ya kuongeza `.txt`. Faili linakuwa `tnsnames.ora.txt` na kwa kuwa Windows inaficha viambishi vya mafaili wewe unaona `tnsnames.ora` safi kabisa. Washa uonyeshaji wa viambishi kwenye Explorer, uangalie kwa macho.

Sasa hapo kwenye `SERVICE_NAME`. Mafundi wengi wa zamani wamezoea kuandika `SID`, yaani jina la databesi yenyewe badala ya jina la huduma. Tangu Oracle 12c kuja na databesi zinazochomekwa ndani ya kontena moja, kila databesi iliyochomekwa ina huduma yake, na SID inakupeleka kwenye kontena lenyewe, ambako hata hizo jedwali za visima hazipo. Mtu mwenye akaunti ya kontena kama SYSTEM anaingia vizuri, pasiwedi inakubali, halafu anasema data zimepotea. Hazijapotea, yuko nyumba isiyo yake. Tumia SERVICE_NAME.

Faili la pili ni `sqlnet.ora`, folda hiyohiyo. Linatosha likiwa na mstari huu:

```
NAMES.DIRECTORY_PATH = (TNSNAMES, EZCONNECT)
```

Ukikuta ndani yake kuna `NAMES.DEFAULT_DOMAIN` ujue Oracle inaongeza hilo jina la domeni nyuma ya GEODATA, kwa hiyo inatafuta GEODATA.kitu-fulani na haiipati. Ama uandike jina refu kwenye tnsnames ama huo mstari utoke.

Hatua ya 4: muulize Oracle mwenyewe

```
tnsping GEODATA
```

Usikimbilie neno OK la mwisho. Soma juu yake, kuna sehemu inaonyesha faili la vigezo lililosomwa na njia yake kamili. Ukiona njia siyo ile folda yako ya `TNS_ADMIN`, umeshajua kwa nini marekebisho yako hayaonekani. Mstari huo peke yake unamaliza nusu ya kesi ninazoletewa.

Halafu elewa mipaka yake: tnsping inathibitisha tu kwamba lisena ya Oracle (listener, programu inayopokea koneksheni kwenye seva) upande wa pili imeitika. Haikagui jina la huduma, haikagui kama databesi imewashwa, haikagui akaunti. Ndiyo maana inafuata sqlplus, programu ya komandi ya Oracle inayoingia kwenye databesi yenyewe:

```
sqlplus geo_soma@GEODATA
```

Pasiwedi usiiandike kwenye mstari wa komandi, subiri ikuulize, vinginevyo inabaki kwenye historia na kwenye mashine za Linux watu wengine wanaweza kuiona kwenye orodha ya michakato. Ukishaingia:

```
select sys_context('USERENV','SERVICE_NAME') from dual;
```

Ikijibu jina la huduma uliyotarajia, uko sehemu sahihi.

Ikikataa, soma kodi ya kosa, usisome tu neno "error" ukafunga dirisha. ORA-12154 maana yake jina la mkato halijapatikana, tatizo liko kwenye mashine yako, seva hata haijaguswa, kwa hiyo usimsumbue mtu wa seva. ORA-12541 umefika kwenye seva lakini hakuna lisena kwenye hiyo poti. ORA-12514 lisena ipo ila haiijui huduma uliyoitaja, ama umekosea jina ama databesi haijawaka, na mwenye seva anaweza kuendesha `lsnrctl status` akakusomea majina ya huduma yaliyosajiliwa. ORA-12170 ni muda umeisha ukisubiri, hapo rudi hatua ya 1. ORA-01017 ni jina au pasiwedi, na kumbuka tangu toleo la 11g pasiwedi inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Kila kodi inakuambia ngazi uliyokwama, na hii ndiyo faida ya kwenda bila sofwea, kwa sababu sofwea nyingi zinakuficha hiyo kodi na kukuonyesha sentensi moja tu kwamba koneksheni imeshindikana.

Hatua ya 5: akaunti, na hapa naomba tusikilizane

Usiunganishe mashine za wajiolojia kwa akaunti inayomiliki jedwali. Najua ni rahisi, kila kitu kinafunguka, hakuna malalamiko. Lakini kisima kimoja cha bahari kuu kinagharimu mamilioni ya dola kuchimbwa, na data zake zinaweza kufutwa na mtu aliyekliki kitufe asichokijua saa kumi jioni akiwa amechoka. Anayesoma apewe kusoma. Anayetafsiri apewe kuandika kwenye projekti yake. Mwenye jedwali abaki yule anayetunza databesi.

Kwa databesi mliyoijenga wenyewe, Oracle inahitaji vitu vichache:

```
CREATE ROLE geo_msomaji;
GRANT SELECT ON visima.kisima TO geo_msomaji;
GRANT SELECT ON visima.kilele TO geo_msomaji;
GRANT CREATE SESSION TO geo_soma;
GRANT geo_msomaji TO geo_soma;
```

Kwa sofwea ya kununua kama OpenWorks usiende kutengeneza watumiaji kwa SQL ya mkono. Zinakuwa na zana zake za kuongeza watu na kugawa haki kwa projekti, na ndani yake zinaandika kwenye jedwali zake zenyewe, ukiruka hiyo zana mtumiaji anakuwepo Oracle lakini sofwea haimtambui.

Halafu suala la muda wa pasiwedi. Wasifu (profile, kanuni za akaunti) wa kawaida wa Oracle, ule unaoitwa DEFAULT, tangu 11g unaweka pasiwedi kuisha baada ya siku 180 na akaunti kufungwa ukikosea mara 10 mfululizo. Fikiria sasa ofisi ambayo mashine zote zinatumia akaunti moja yenye pasiwedi iliyohifadhiwa ndani ya sofwea. Nimeikuta ofisi ya namna hiyo: siku 180 zikafika, ikaja ORA-28001, mtu wa databesi akabadilisha pasiwedi vizuri tu, lakini mashine zilizobaki zikaendelea kugonga na pasiwedi ya zamani nyuma ya pazia, mara 10 zikatimia ndani ya muda mfupi na akaunti ikafungwa kwa ORA-28000. Akaifungua, ikafungwa tena. Wakaanza kuhisi wamevamiwa. Mpangilio sahihi ni kwamba kila mtu awe na akaunti yake, na zile chache za huduma, kama ya kuingiza data usiku, ziwe na wasifu wao tofauti na tarehe ya kubadilisha pasiwedi iliyoandikwa kwenye kalenda ya timu, na siku ya kubadilisha unasimamisha kwanza huduma zinazoitumia ndipo unabadilisha.

Hatua ya 6: sasa fungua sofwea

Mpaka hapa kidirisha cha koneksheni hakina kigumu. Jina la mkato ni lilelile lililojibu kwenye sqlplus, akaunti ileile. Ikigoma sasa, uwanja umebaki mdogo sana: biti za kliyenti, au sofwea inasoma `TNS_ADMIN` nyingine, au leseni. Sofwea nyingi pia zinakubali anwani ya moja kwa moja bila tnsnames, namna hii: `//geodb01:1521/geodata`. Ijaribu hiyo. Ikikubali na jina la mkato likikataa basi ni suala la faili, na unajua pa kwenda.

Fungua projekti ndogo ya majaribio kwanza, yenye visima vichache. Usianze na projekti kubwa ya kampuni.

Ile koneksheni inayokufa mchana

Hii inastahili maelezo yake kwa sababu watu wanaizunguka miezi. Asubuhi kila kitu sawa, mtafsiri anaacha sofwea wazi anaenda kula, akirudi akibonyeza tu inakuja ORA-03113 au ORA-03135, na wakati mwingine kazi ambayo hajaisevu inakwenda nayo. Databesi haijaanguka. Katikati yenu kuna faiawoli inayokata koneksheni zilizokaa kimya kwa muda fulani, na haimwambii yeyote kwamba imekata, kila upande unadhani mwenzake yupo.

Upande wa seva, kwenye `sqlnet.ora` yake, ongeza:

```
SQLNET.EXPIRE_TIME = 10
```

Seva inaanza kutuma kijipakiti kidogo kila dakika 10 kuangalia kama kliyenti bado ipo, na faiawoli ikiona pakiti zinapita haikati. Namba iwe ndogo kuliko muda wa faiawoli, kwa hiyo muulize mtu wa mtandao kwanza faiawoli yake inakata baada ya dakika ngapi. Mpangilio unashika kwa koneksheni mpya, waliokwisha kuingia watoke waingie tena.

Ndugu yake wa karibu ni umbali. Kama seva iko bara lingine na wewe uko Dar au Mtwara, sofwea hizi zinauliza databesi maswali madogo madogo kwa maelfu, kila swali linakwenda na kurudi, na hata laini yenye kasi kubwa ya kushusha mafaili haisaidii kwa sababu kinachokula muda ni safari, siyo upana wa njia. Usipoteze hela kuongeza laini. Weka mashine ya kazi karibu na databesi, kwenye chumba kimoja cha seva, halafu watu waingie kwa dawati la mbali.

SQL Server kwa watu wa Kingdom

Hapa mambo ni mafupi zaidi. Ukiinstoli toleo la Express, TCP/IP inakuja imezimwa, kwa hiyo mashine yenyewe inaunganisha vizuri na nyingine zote zinagoma. Fungua SQL Server Configuration Manager, washa TCP/IP, ingia kwenye sifa zake mpaka sehemu ya IPAll, futa kilichoandikwa kwenye TCP Dynamic Ports, weka 1433 kwenye TCP Port, kisha anzisha upya huduma. Ukiacha poti inayobadilikabadilika utahitaji huduma ya SQL Browser na UDP 1434 ipite kwenye faiawoli, na mimi sioni sababu ya kujiongezea mzigo huo. Jaribu kutoka mashine nyingine:

```
sqlcmd -S tcp:geosql,1433 -E
```

Ni koma kati ya jina na poti, siyo nukta mbili, wengi wanapotelea hapo. `-E` inatumia akaunti yako ya Windows, na kama ofisi ina domeni hiyo ndiyo njia nzuri, hakuna pasiwedi ya kuhifadhi popote.

Kosa 18456 ni kuingia kumekataliwa. Upande wako utaona hali (state) namba 1 siku zote, hiyo ni makusudi kwa usalama. Sababu ya kweli imeandikwa kwenye logi ya makosa ya seva: hali ya 5 ni mtumiaji hayupo, ya 8 ni pasiwedi siyo.

Ukiinstoli drayva mpya ya ODBC (kiunganishi cha Windows kati ya sofwea na databesi), namba 18, inalazimisha usimbaji tangu mwanzo, na kama seva ina cheti ilichojitengenezea yenyewe koneksheni iliyokuwa inafanya kazi jana inakataa leo. Suluhisho la kudumu ni cheti halali kwenye seva. Kuweka TrustServerCertificate=yes kunapitisha kazi, ila iwe ya muda na kwenye mtandao wa ndani tu.

Kwenye ODBC kuna mtego wa majina unaochekesha watu wa Windows wenyewe: kidirisha cha biti 64 kiko `C:\Windows\System32\odbcad32.exe` na cha biti 32 kiko `C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe`. Namba zimegeuzwa kabisa. DSN ya mfumo (koneksheni iliyohifadhiwa kwa jina) uliyotengeneza kwenye kimoja haionekani na sofwea ya biti nyingine.

Na angalia ukubwa. Express mpaka toleo la 2022 inaishia GB 10 kwa databesi moja. Projekti yenye logi nyingi inaifikia, na ikifika hapo kuandika kunagoma wakati kusoma kunaendelea, watu wanadhani ni haki za akaunti.

PostGIS na QGIS

Kwa taasisi, vyuo na kampuni ndogo ambazo hazina hela ya leseni, hii ndiyo ningeanza nayo kwa ramani za vitalu, visima na mistari ya saizimiki. PostgreSQL ikiwekwa kwa kawaida inasikiliza mashine yake tu. Kwenye `postgresql.conf` weka `listen_addresses` iwe IP ya seva kwenye mtandao wa ndani, halafu kwenye `pg_hba.conf` ongeza:

```
host  geodata  geo_soma  10.10.20.0/24  scram-sha-256
```

Hilo faili linasomwa kuanzia juu na mstari wa kwanza unaofanana ndio unaotumika, kwa hiyo mstari wako mzuri ukiwa chini ya mwingine unaokataa hautafikiwa kamwe. `pg_hba.conf` inahitaji kusomwa upya tu, `listen_addresses` inahitaji kuzima na kuwasha huduma. Kuna mtu anaweka `0.0.0.0/0` na `trust` "ili ifanye kazi kwanza". Hapana jamani. Hapo umefungua data za visima kwa yeyote anayefika kwenye poti, bila pasiwedi.

```
CREATE ROLE geo_soma LOGIN;
GRANT CONNECT ON DATABASE geodata TO geo_soma;
GRANT USAGE ON SCHEMA visima TO geo_soma;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA visima TO geo_soma;
ALTER DEFAULT PRIVILEGES IN SCHEMA visima
  GRANT SELECT ON TABLES TO geo_soma;
```

Pasiwedi iweke kwa `\password geo_soma` ndani ya psql, programu ya komandi ya PostgreSQL. Mstari wa mwisho wa hizo komandi unahusu jedwali zitakazotengenezwa baadaye na yule aliyeuendesha tu, mwenzake akitengeneza jedwali jipya geo_soma haioni, kwa hiyo kila anayetengeneza jedwali auendeshe naye.

Kwenye QGIS, unapotengeneza koneksheni usichague kuhifadhi pasiwedi kwa njia ya kawaida, inakaa wazi na inaweza kusafiri ndani ya faili la projekti unalomtumia mtu kwa barua pepe. Tumia mfumo wa uthibitisho wa QGIS wenye pasiwedi kuu.

Hakiki namba kabla ya kuwaambia watu waingie

Koneksheni imekubali, visima vinaonekana kwenye ramani, watu wanapiga makofi. Bado. Huku kwetu data nyingi za zamani ziko kwenye datumu (msingi wa kupimia mahali duniani) ya Arc 1960 na za sasa ziko WGS84. Kwa pwani ya Tanzania ni EPSG (namba ya utambulisho wa mfumo wa ramani) 21037 na EPSG 32737, zote UTM kanda ya 37 kusini, yaani vipimo vya mita kwenda mashariki na kaskazini, namba zinafanana sana kwa macho lakini zinahamisha kisima takribani mita 300 kuelekea kaskazini au kusini. Mita 300 kwenye ramani ya nchi huzioni. Kwenye kyubu ya saizimiki kisima kinaangukia upande wa pili wa ufa. Walioko Ziwa Albert upande wa Uganda au Turkana kule Kenya kanda yao ni 36 kaskazini, 21096 na 32636.

Kagua hivi kwenye PostGIS, ambako SRID ndiyo hiyo namba ya mfumo wa ramani:

```
SELECT jina, ST_SRID(geom),
       ST_AsText(ST_Transform(geom, 4326))
FROM visima.kisima
WHERE jina LIKE 'SS-%';
```

Chukua gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, mahali panapojulikana na kila mtu. Visima vyake vinatakiwa viangukie karibu na longitudo 39.5 na latitudo -8.5, na kwa UTM mashariki iwe 555,000 hivi na kaskazini 9,058,000 hivi. Ukiona viko katikati ya Bahari ya Hindi au vimegeuziwa mashariki na kaskazini, SRID imekosewa. Ila ukaguzi huu haukamati ile tofauti ya mita 300, hiyo lazima ufungue ripoti ya mwisho ya kisima usome datumu iliyoandikwa, ulinganishe na kilichoko kwenye databesi kisima kwa kisima. Inachosha lakini hakuna njia ya mkato.

Halafu kina. Chukua kisima kimoja unachokijua kina chake, kisome kupitia sofwea, siyo kupitia SQL, kwa sababu mpangilio wa vipimo uko kwenye projekti. Mita moja ni futi 3.2808, kwa hiyo kisima cha mita 2,500 kikionekana 8,202 sofwea inaonyesha futi, na hilo si tatizo mradi wote wajue. Tatizo ni 2,500 ileile ikiwa na lebo ya futi. Angalia pia kina kinahesabiwa kutoka wapi, meza ya mtambo wa kuchimbia (rotary table) au usawa wa bahari, na kama kimo cha meza kimejazwa kwenye jedwali au kimeachwa sifuri.

Mwisho desimali. Kwa wenzetu wa Msumbiji na Kongo wenye Windows ya Kireno au Kifaransa, alama ya desimali ni koma, na Oracle inafuata nchi iliyowekwa kwenye kigeu cha `NLS_LANG` cha mashine. Logi ikiingizwa kwa mashine hiyo 2145.6 inaweza kukataliwa au kusomwa vibaya. Weka `NLS_LANG` moja kwa mashine zote zinazoingiza data, jaribu kuingiza logi moja fupi, isome tena kutoka mashine nyingine, linganisha mistari ya kwanza na ya mwisho na faili la asili. Zikilingana, wape watafsiri haki ya kuandika kwenye projekti zao.